Nguzo ya Kushoto

Kiprop mwanangu,

Sikuulizi hali, maana tumetoka kula pamoja sasa hivi. Umemaliza ugali, umemaliza sukuma, umeacha sufuria ukingoni mwa meza ukidhani nitaiona. Sasa umelala na nakusikia ukikoroma. Begi lako liko mlangoni, nimeshalipiga teke nikipita.

Nakuandikia kwa taa ya gari. Usicheke. Ni ile taa ya mbele ya zamani ambayo fundi Njoroge aliing'oa kwenye pikapu alipotuwekea zile kali. Nimeitoa stoo, nimeiunganisha na betri kuukuu, nimeiegemeza kwenye debe la unga hapa mezani. Jikoni kumekuwa kweupe hadi jogoo wa jirani amewika akidhani kumekucha. Hata hivyo utaona mistari yangu inapanda na kushuka, na mahali pengine neno limeandikwa juu ya neno. Nivumilie. Nilikuwa na mwandiko mzuri, walimu wangu walinitumia kuandika ubaoni.

Mambo ya kula, kufua, kuamka mapema na kwenda kanisani hayamo humu. Kama sikukufundisha hayo miaka yote hii, karatasi moja haitakufundisha. Nataka kukueleza habari ya taa za gari tangu mwanzo, na uisome yote kabla hujatoka kesho. Jumatatu unaanza kuendesha ambulensi huko Turkana. Utabeba wagonjwa usiku, kina mama wenye uchungu, watoto wenye homa, kwenye barabara isiyo na taa hata moja. Kila mtu amekupongeza, na mimi nimetabasamu hadi mashavu yameuma. Lakini mwezi uliopita ulirudi na pikapu giza likiingia, ukaparuza nguzo ya kushoto ya lango letu. Ukashuka, ukatazama rangi iliyochubuka, ukaniambia, "Mathe, hizi taa ziko dim. Hazishiki kando. Si tuweke zingine?"

Nikakwambia tutaona. Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Nilikuwa na jambo la kukuambia wakati ule ule, na sikulisema. Nalisema leo, na ni juu yako kunikasirikia.

Nianze na babu yako. Wewe unamkumbuka kama mzee wa kiti cha kamba na redio sikioni. Mimi namkumbuka kama dereva wa pikapu ya maziwa. Babako alipotuacha na kwenda kuoa kwingine, nilirudi hapa nyumbani nikiwa nimekubeba mgongoni, na nyuma yangu majirani wakihesabu nguo zangu. Babu yako hakuniuliza neno. Asubuhi yake alinipeleka na pikapu shambani, mahindi yakiwa yameshavunwa, akaniweka kwenye usukani, akaniambia nizunguke. Gari likanizimikia, nikawasha, likazima tena. "Zungusha tu," alisema. "Mwanamke mwenye gari haombi mtu lifti." Huyo ndiye mtu niliyemfanyia nitakayokueleza.

Alianza kulalamika juu ya taa. Kila Jumamosi alichukua dawa ya meno na soksi kuukuu, akasugua vioo vya taa za mbele hadi ile rangi ya njano ikatoka. Tulikuwa tunapiga mswaki kwa chumvi kwa sababu dawa yote ilikuwa inaishia kwenye gari. Akabadilisha balbu. Akabadilisha tena. Na bado alikuwa akifika nyumbani jioni anagonga nguzo ya kushoto. Aliisimamisha, akaimwagia saruji, akaigonga tena. Ndiyo maana mpaka leo imeinama, na wewe umekua ukidhani lango lilijengwa hivyo.

Tulicheka, Kiprop. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, kwa sababu nilikuwa na ulimi. Siku moja tukiwa na wageni nilisema, "Mzee husalimia nguzo kwanza, halafu watu." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Na yeye akacheka, kisha akaenda kuweka kikombe mezani, akakiweka kando ya meza. Kikaanguka, chai ikamwagika kwenye viatu vya mgeni. Tukacheka tena. Tulisema ni busaa, ile pombe ya kienyeji. Ni kweli alikuwa akionja busaa, kama wanaume wote wa rika lake, na mtu akionja busaa ni rahisi kumwekea kila kitu kwenye chupa hiyo.

Mwishowe nilimnyang'anya ufunguo. Sikumvuta kando nikamwambia kwa upole. Nilimsimamia pale uani, watu walioleta maziwa wakitazama, nikanyoosha mkono. "Mzee, leta ufunguo. Utaua mtu na pombe yako."

Akanipa. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Jepkemoi, si pombe. Ni taa. Hazifiki kando."

Nikapanda pikapu. Nilikuwa na haraka, maziwa yangeganda juani. Kuanzia siku hiyo pikapu ikawa yangu na yeye akawa wa kiti cha kamba. Giza lake lilipozidi tukasema ni uzee. Kila kitu ni uzee, neno hilo halichoshi mtu. Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama taa imewashwa, na mtu fulani akamjibu, "Si iko hapo mbele yako, Mzee?" Mtu huyo ni mimi.

Basi nikawa mama wa maziwa. Unajua kazi ile, ulikua ndani yake. Kabla hakujakucha nilikuwa nimezunguka mashamba ya Moiben nikikusanya mitungi, na watoto wa mtaa wa Kimumu wakiamka kwenda shule chai yao ilikuwa tayari na maziwa yangu ndani. Barabara unaijua. Msimu wa mavuno trekta inavuta trela ya mahindi bila taa hata moja nyuma, ng'ombe wanalala kwenye lami kwa sababu ina joto, na kila lori linalokuja limekuwashia full usoni. Huku kwetu anayepunguza taa kwanza huonekana ameshindwa. Nami sikuwa mtu wa kushindwa.

Sijui giza langu lilianza lini. Hilo ndilo baya lake, halina siku ya kuanza. Niliona tu kwamba barabara imekuwa nyembamba. Mbele naona vizuri kabisa, hata paka akivuka. Kando ya barabara ndiko kulikopotea. Mtu alikuwa anatokea ghafla, kama ameota kwenye lami, na mimi namtukana kwa kutembea ovyo. Nikasema, ni taa hizi.

Nikaanza na dawa ya meno na soksi. Nilisugua pale pale aliposugua babu yako, Jumamosi vile vile, na haikunijia hata mara moja kumfikiria. Nyani haoni kundule. Vioo vikang'aa, na kwa wiki nzima nilijiaminisha kwamba naona vizuri.

Kisha nikaenda kwa Njoroge, yule fundi wa waya aliye chini ya mabati kule mjini. Alizikagua taa, akapima umeme unaofika kwenye balbu, akasema nyaya zimezeeka na nusu ya nguvu inapotea njiani. Akavuta waya mpya kutoka kwenye betri, akaweka rilei, kile kiswichi cha umeme, ili balbu ipate umeme wake wote. Kisha akaniambia nimletee gari likiwa na mitungi iliyojaa. Nikamuuliza mitungi inahusu nini na taa.

"Ukibeba mzigo, nyuma inashuka, pua inapanda," alisema. "Ukipima taa gari ikiwa tupu, ukipakia unamulika ndege. Watu wanaotoka mbele unawachoma macho, na wewe mwenyewe barabara huioni."

Akasimamisha pikapu mbele ya ukuta, imepakiwa, akachora mstari kwa chaki, akazishusha taa hadi zikakaa pale alipotaka. Nakwambia haya ili ujue kwamba Njoroge aliijua kazi yake. Zile taa zilikuwa nzuri. Kama ungepewa wewe wakati ule, ungeendesha hadi Malaba na kurudi bila kukodoa macho.

Mimi nikarudi baada ya siku chache. "Njoroge, kando hakuna kitu."

Akaenda nami barabarani jioni. Akakaa kiti cha abiria, akatazama, akanitazama mimi. "Mama Kiprop, hii inafika mpaka kwa shamba ya watu. Naona mpaka waya ya fensi."

"Wewe unaona. Mimi ndiye naendesha."

Basi nikamlazimisha. Alisema taa zile nyeupe kali hazifai kwenye gari la zamani kama letu, kwamba mwanga wake unatawanyika ovyo, kwamba nitavunjiwa vioo na madereva. Nilisema weka. Akaweka. Nikarudi tena, nikataka taa mbili zaidi kwenye bampa, moja itazame kushoto na nyingine kulia. Alizifunga bila kusema kitu, kisha akapangusa mikono. "Ukirudi hapa kuongeza ingine, Mama, tutachoma mahindi ya watu."

Niliona ananidharau. Nikamwambia ni fundi wa uongo, anauza vitu feki, na nikalisema hilo Kimumu kote, kibanda kwa kibanda, pamoja na maziwa. Wateja wake wengine walinisikiliza. Nilikwenda kumwomba msamaha baadaye. Alinisamehe upesi mno, hadi nikajisikia vibaya zaidi.

Barabarani nikawa maarufu. Madereva walinipigia honi, walinionyesha ngumi, polisi alinisimamisha akaniuliza kama nachunga ndege. Asubuhi moja dereva wa lori alinizuia kabisa, akashuka na tumbo lake, akaja dirishani kwangu akijikinga macho kwa mkono. "Mama, unataka kutuua? Zima hiyo taa yako!"

Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Nenda ukapimwe macho!"

Na kweli siku hizo hizo mimi mwenyewe nilipimwa kwenye zahanati. Walinisimamisha mbele ya ule ubao wa herufi, nikafunika jicho moja, nikasoma hadi mstari wa chini ambao hata binti aliyenipima alikuwa akiinama kuusoma. Nikafunika la pili, nikasoma tena. Nilitoka pale kifua mbele. Kumbuka hilo, Kiprop, maana na wewe umepimwa kwa ubao huo ili upate kazi hii, na nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu kwamba umepita na mia kwa mia. Herufi zote zimeandikwa katikati. Hakuna aliyeandika herufi kando.

Sasa Mzee Tirop. Unajua kwamba nilimgonga, kila mtu anajua. Hujui ilivyokuwa, kwa sababu nilikudanganya. Nilikwambia alitokea ghafla kutoka kwenye mahindi.

Hakutokea popote. Alikuwa mmoja wa wafugaji walioniuzia maziwa. Alikuwa amesimama mahali anaposimama kila siku, kushoto mwa barabara, baiskeli yake imeegemea ua na mtungi wake wa maziwa uko mkononi. Ananisubiri mimi. Nilijua yuko pale, ndiyo maana nilipunguza mwendo. Niliacha lami, nikaingia kando ili nisimame mbele yake, na nikamgonga. Nilikuwa naenda polepole sana. Nilisikia mtungi kwanza, halafu baiskeli. Nilishuka nikipiga kelele, "Umetoka wapi wewe? Umetoka wapi?" Na yeye yuko chini, maziwa yamemloanisha, nyonga imevunjika, na taa zangu zote zinamulika.

Siku ya tatu nilikwenda hospitalini na uji. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Afadhali angenitukana. Alikuwa akitaka tu kuelewa.

"Jepkemoi, mimi sikutoka mahali," aliniambia. "Nilikuwa hapo tu. Taa yako ilinimulika mpaka nikaona mishipa ya mkono yangu. Nikasema, sasa ameniona. Nikainua mkono nikusalimie."

Nikakaa pale na uji wangu. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Mtu amesimama ndani ya mwanga kamili, mwanga nilioununua mimi mwenyewe, ameinua mkono kunisalimia, na mimi sikumwona. Taa zilifika kwake. Taa zilikuwa zinafika kila mahali tangu zamani.

Nilikwenda kliniki ya macho mjini peke yangu, nikakwambia naenda kununua dawa ya ng'ombe. Waliniweka mbele ya mashine, kidevu juu ya kibao, wakanipa kitufe mkononi. Unatazama nukta ya katikati, na kila ukiona cheche kando unabonyeza. Nikabonyeza, nikabonyeza, kisha cheche zikakoma. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Mwishowe nikamwambia yule binti, "Mashine yako imezima."

"Haijazima, Mama," alisema. "Endelea kutazama katikati."

Daktari alinieleza kwa upole. Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, haitoi machozi. Inakula ukingo kwanza, polepole, na mtu hahisi kwamba kuna kitu kimeondoka. Kilichokwenda hakirudi, kwa miwani wala kwa upasuaji. Matone yatashika kilichobaki, nami nimebaki na kidogo. Watu husema macho hayana pazia. Yangu yanalo, linavutwa kutoka pande zote mbili, na mimi miaka yote nilikuwa nanunua balbu.

Kisha akaniuliza, kalamu yake ikiwa tayari, "Kwenu kuna mtu alipofuka?"

Nikasema, "Hapana. Baba alikuwa mlevi tu."

Akaandika hapana. Nikatoka, nikafika kwenye benchi la nje, na hapo ndipo nilipoiona nguzo. Nikaona soksi na dawa ya meno. Nikaona kikombe kikiwekwa hewani. Nililia pale mbele ya watu hadi mama mmoja mgeni akanishika bega akidhani nimeambiwa nina kansa. Nilirudi ndani nikamwambia daktari afute alichoandika. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja. Akasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, mzazi akiwa nao mtoto apimwe mapema, kwa sababu akikutwa mapema matone humtunzia macho yake maisha yote. "Mlete," alisema. Nikasema nitamleta.

Sikukuleta.

Ile chupa ndogo unayoniona nikijitonesha, niliyokwambia ni ya vumbi, ndiyo hiyo. Nilikwambia nimeacha kuendesha kwa sababu ajali ilinivunja moyo, ukaamini, ukachukua usukani ukiwa na furaha ya kijana aliyepewa gari. Kila siku nilisema wiki ijayo. Ng'ombe akazaa, mahindi yakataka kupaliliwa, ukaingia kozi ya ambulensi. Hizo ni sababu za kumwambia jirani. Sababu yenyewe ni kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukileta chakula sasa. Daktari akisema neno moja juu ya macho yako, pikapu ingesimama na sisi wawili tungekaa uani tukitazamana, tena vibaya. Nilijiambia wewe ni kijana, ugonjwa huu ni wa wazee. Nilijiambia damu ya babako pia imo ndani yako, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumtafutia mtu yule faida.

Halafu ukagonga nguzo. Ukasema maneno ya babu yako, karibu moja kwa moja, na wewe hukuwahi kumsikia akiyasema.

Na hata hapo sikusema! Barua ya kazi ikaja wiki hiyo hiyo, ukanibeba juu kama mtoto, tukacheka. Jana watu wa kanisa wakajaa hapa. Mchungaji akakuwekea mkono kichwani akamwomba Bwana amulike njia yako. Nilisema amina kubwa kuliko wote. Nilijisikia nikiisema, na niliichukia sauti yangu. Njia yako ina mwanga wa kutosha, na hapo sebuleni mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba mwanga huenda usikusaidie. Nilikuwa nakutuma ukabebe wagonjwa wa watu usiku, ili nisikose mshahara wako. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilikuwa tayari kilio kiwe cha nyumba nyingine.

Sijui kama unao. Nataka ulielewe hilo vizuri. Lango letu ni jembamba na nguzo yenyewe imeinama ndani. Huenda ulikuwa unachezea simu. Sijawahi kumwombea mtu awe alikuwa anachezea simu akiendesha, lakini wewe nimekuombea hivyo kila usiku tangu siku ile. Kama ni hivyo, nitakuchapa kwa furaha kubwa.

Lakini kama si simu, basi nisikilize mimi niliyelipitia jambo hili. Utatafuta kitu cha kulaumu, na utakipata. Kila kitu huwa karibu: balbu, vioo, fundi, lori la mbele, mtu anayetembea ovyo. Vyote vitakuwa na kosa kidogo, ndiyo maana vinadanganya vizuri. Njoroge alikuta kweli nyaya zimezeeka. Babu yako alionja kweli busaa. Na watu wanaokupenda watakucheka, kwa sababu kucheka ni rahisi kuliko kuuliza. Mimi nilimpenda baba yangu. Nilimcheka hadi akaingia kaburini akijua kwamba binti yake anamwona mlevi.

Kwa hiyo kesho usiende stendi moja kwa moja. Pitia kliniki ile, iko nyuma ya soko, nimeshawaambia utakuja asubuhi. Keti mbele ya mashine, tazama katikati, na usidanganye kwa kuiba jicho pembeni. Nakujua. Wakikuta macho yako ni mazima, nenda Turkana, na mimi nitakuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Uasin Gishu. Wakikuta kitu, utawapigia wenye kazi wewe mwenyewe, uwaambie. Huenda wakakupa kazi nyingine, huenda wasikupe. Tutakula kabeji. Nimewahi kula kabeji.

Utakuwa na hasira nami. Iweke, ni yako kwa haki. Iwapo unao, ungekuwa umepata matone mwaka mzima uliopita kama si mimi, na hilo sitakuomba ulisamehe kwenye karatasi.

Kuna jambo moja la mwisho, la kufanya hapa nyumbani kabla hujatoka. Mimi sina mashine, nina lango tu. Ukimaliza kusoma, chukua begi, tembea hadi hatua chache kabla ya lango na usimame katikati. Tazama mbele moja kwa moja, kule kwenye tangi la maji la jirani, na usigeuze kichwa wala macho. Kutakuwa kumekucha, jua litakuwa limetoka, hatutakuwa na taa ya kulaumu. Nitakuwa nimesimama kwenye nguzo ya kushoto, nimeinua mkono kama Mzee Tirop.

Ukiniona, sema. Usiponiona, sema pia. Kliniki utakwenda vyovyote vile, lakini nataka kulisikia kwako kwanza, hapo uani aliposimama babu yako bila mtu wa kumsikiliza. Na usitikise kichwa tu, Kiprop, wala usinionyeshe kidole. Utakuwa katikati ya njia na mimi nitakuwa kando, na nikiwa nimetazama barabara sitakuona. Sema kwa sauti.

Mama yako,
Jepkemoi